Uzi: Siku nzima juu ya mgongo wa Milima ya Ngong, pamoja na mama mzazi na watoto

Mtembezi Mpole (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, swali la kama mgongo wa Milima ya Ngong unaweza kutembewa mwanzo hadi mwisho na familia yenye mtoto mdogo na mzazi aliyekula chumvi nyingi limeulizwa humu mara kwa mara, na majibu niliyoyasoma yameandikwa karibu yote na vijana wanaoumaliza kwa saa nne au tano. Sisi tuliumaliza kwa saa tisa kasoro dakika kumi. Nimeona niandike kwa urefu, kwa sababu mzazi anayepanga safari ya namna hii anahitaji zaidi kujua mahali ambapo mwenye miguu dhaifu hukwama, na akikwama atatokaje.

Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, mama yangu mwenye umri wa miaka 66, binti yetu wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka 9. Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Agosti. Tulipanda matatu namba 111 hadi mji wa Ngong, tukafika kwenye lango la msitu, tukalipa ada na kuomba askari wa misitu wa kutusindikiza. Kuhusu askari sina mjadala. Sehemu za katikati ziko mbali na watu, wapandaji wamewahi kuporwa huko, na familia yenye watoto haina sababu ya kwenda peke yake. Ilipofika saa moja na dakika arobaini asubuhi tulikuwa tumeanza kupanda.

Kwa wasioyajua mazingira yenyewe, vilima hivi viko kusini-magharibi mwa Nairobi, katika Kaunti ya Kajiado, na vimepangana kutoka kaskazini kwenda kusini kama vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Wengi huvihesabu saba. Ni mabaki ya volkano ya kale ambayo upande wake wa magharibi ulikatwa na kuzama wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, ndiyo maana pande zake hazifanani hata kidogo. Upande wa mashariki hupata mvua na ni wa kijani, ukishuka polepole kuelekea jijini, ilhali upande wa magharibi ni mkavu na huporomoka kwa ngazi kubwa kubwa, zaidi ya mita 1,000, hadi chini bondeni. Mtu anayeelekea kusini huwa na Nairobi mkono wa kushoto na Bonde la Ufa mkono wa kulia. Mwanangu alipoelezwa jambo hilo alisimama katikati ya njia, akanyoosha mikono yote miwili, akabaki hivyo kwa muda, kana kwamba anapima uzito wa pande mbili.

Asubuhi ya Agosti huko juu ni ya ukungu. Kwenye kilima cha kwanza tuliusikia mtambo wa umeme wa upepo kabla ya kuuona: mvumo mzito unaokuja na kupungua, kisha ubawa mmoja mweupe ukatokeza juu ya vichwa vyetu na kumezwa tena. Mitambo ya kwanza iliwekwa hapo mwaka 1993, kwa msaada wa Ubelgiji, na leo kituo kizima kina uwezo wa megawati 25.5. Binti yangu, ambaye nilidhani amekuja kwa kulazimishwa, ndiye aliyemuuliza askari maswali mengi kuhusu mitambo hiyo, naye alijibiwa kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo asubuhi ile.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, kwa kuwa ndiye niliyepanga safari, na kila nilipogeuka nyuma niliwaona wenzangu wametawanyika kwenye ukungu: mke wangu na mtoto katikati, na mama nyuma kabisa akijitahidi kunifuata. Nilikuwa nikisimama kuwangoja, lakini walipofika tu nilianza tena kutembea, hivyo mimi nilipumzika na wao hawakupumzika. Askari alinivuta kando, akaniambia kwa adabu, “Mzee, mtangulize mama.” Kuanzia kilima cha pili mama alikuwa mbele, mtoto nyuma yake, na mimi wa mwisho. Mwendo ulipungua karibu nusu, lakini hatukusimama ovyo tena, na nina hakika kwamba bila badiliko hilo tusingevuka kilima cha nne.

Kwenye kilima cha tatu tulikaa chini tukala. Tulikuwa tumebeba viazi vitamu vya kuchemsha, nduma, mayai, ndizi na chai ya maziwa kwenye thamosi. Mwanangu alikuwa amelalamika kwa nusu saa nzima kwamba miguu imekwisha, nami nilikuwa nimeanza kuhesabu moyoni jinsi nitakavyombeba. Alikula kiazi kimoja na nusu, akanywa chai, na baada ya dakika kumi alikuwa akikimbizana na upepo. Miguu yake ilikuwa mizima. Alichokosa ni chakula, na mtoto wa umri huo hajui kuitambua njaa anapokuwa ametingwa na baridi. Baada ya hapo mke wangu alimpa kitu cha kutafuna kila baada ya kilima, aombe au asiombe.

Tukiwa bado tumekaa, ukungu ulianza kunyanyuka upande wa magharibi. Kwanza tuliona mng'ao tu, kisha pazia likafunguka kutoka chini kwenda juu na bonde lote likawa wazi: vumbi jekundu la barabara za mbali, mabati ya nyumba yakimetameta, Longonot nyuma yetu kwa mbali na kilele chake kilichokatika, Suswa iliyolala pana, na mbele upande wa kulia mlima wa Olorgesailie, ambako chini yake kuna mashoka ya mawe ya watu wa kale. Mama alifunga leso yake vizuri kichwani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba ameishi Nairobi miaka 41 akiviona vilima hivi kila asubuhi akianika nguo, na hakuwahi kufikiri kwamba nyuma yake kuna kitu. Nimelikumbuka neno hilo kila siku tangu tulipofika nyumbani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kati ya kilima na kilima kuna kibonde, na baada ya kilima cha nne vibonde huwa vya kina na miteremko yake ni mikali, ya udongo unaoteleza juu ya kokoto. Tukishuka hapo nilimwona mama akianza kutanguliza mguu mmoja tu, wa kushoto, na kuuvuta wa kulia. Nilimuuliza kama amechoka. Alinijibu, “Kupanda kunaniomba pumzi, na pumzi ninayo. Kushuka ndiko kunakoniomba goti.” Tulikuwa tumekubaliana nyumbani kwamba hadi kilima cha nne mtu yeyote anaweza kusema turudi, na hataulizwa sababu. Lakini tulikuwa tumekwishakipita, na pale chini ya kibonde kurudi kulikuwa kwa mbali sawasawa na kuendelea. Huo ndio ubaya wa njia ya mgongoni: haina mkato. Njia za pembeni zipo, lakini zinashuka kwenye maboma na malisho, mbali na barabara, na kwa goti bovu ni mateso zaidi.

Mama hakutaka tumwamulie. Alimuuliza askari, “Mwanangu, ya mbele na ya nyuma, ni ipi yenye miteremko michache?” Sikuwa nimewahi kulifikiria swali hilo, mimi nilihesabu kilomita na vilele. Askari alifikiri, akasema mbele kupanda ni kwingi, na mteremko mmoja mrefu utakuja mwishoni, ilhali nyuma miteremko ni mingi midogo midogo. Mama akachagua mbele. Akavua leso kichwani, akalifunga goti kwa kulizungusha mara tatu, akachukua mpini wa fagio ambao tulimcheka alipoubeba nyumbani, akaanza kupanda kilima cha tano taratibu kama mtu anayekwenda kisimani.

Na kwenye kila mteremko uliofuata alituonyesha jinsi ya kushuka. Hakushuka moja kwa moja. Alikata mshazari, hatua fupi fupi, ubavu ukielekea chini, akafika kwenye kichaka, akageuka na kukata tena upande mwingine. Ndivyo alivyoshuka na mtungi kichwani alipokuwa msichana, kwenye mashamba ya matuta huko kwao. Mwanangu alimfuata nyayo kwa nyayo. Mimi nilishuka moja kwa moja mara mbili na nikaanguka mara moja.

Kilele cha Lamwia, mita 2,460, ndicho kirefu kuliko vyote, nacho kiko upande wa kusini, yaani mwishoni, wakati miguu imekwisha. Upepo wa mashariki hapo ulikuwa mkali kiasi kwamba tulizungumza kwa kuelekezana vinywa masikioni. Tulikaa dakika chache tu. Kilimanjaro hatukuuona kwa sababu ya mawingu. Saa kumi na nusu jioni tulikuwa barabarani Kona Baridi, na mwenye gari tuliyekubaliana naye hakuwa amefika. Tulimngoja karibu saa nzima kwenye upepo, watoto wakiwa na jasho lililopoa mgongoni. Kama kuna dakika ninazozijutia katika siku ile, ni hizo.

MamaPacha

Shukrani sana, ndugu Mtembezi. Nimesoma mara mbili. Mimi nina pacha wa miaka 6 na nilikuwa nimepanga kuwapeleka likizo ijayo, nao ni watoto wanaotembea sana. Je, unaona wanaweza kuimaliza njia yote? Na kuhusu maji na choo, hali ikoje?

Mtembezi Mpole

Dada yangu, kwa miaka 6 mimi ningewapeleka hadi kilima cha tatu na kurudi. Watapata mitambo, watapata upepo, na mawingu yakifunguka watapata bonde lote, kwa sababu mandhari ya huko ni yale yale tuliyoyaona sisi tukila. Wakichoka, uko karibu na lango. Baada ya kilima cha nne huwezi tena kumwambia mtoto “tunarudi nyumbani” na likawa neno la kweli.

Maji hakuna njiani, wala duka, na baada ya lango usitegemee choo. Sisi tulibeba lita mbili kwa kila mtu mzima na lita moja kwa kila mtoto, tukamaliza karibu yote ingawa siku ilikuwa ya baridi. Baridi hudanganya, mtu hahisi kiu na huku upepo unamkausha. Beba pia fulana kavu ya kila mtoto ndani ya mfuko wa plastiki, umbadilishe mkifika mwisho. Hilo tulilikosa, na mdogo wetu alikohoa siku nne.

Mchungaji wa Zamani

Nimefurahi kuusoma uzi huu, kwa kuwa nilichunga mbuzi kwenye miteremko ya magharibi ya vilima hivyo hadi nilipomaliza shule ya msingi. Nina machache ya kuongeza.

Jina la Ngong limetokana na maneno ya Kimaasai, enkong'u emuny, na neno enkong'u lina maana ya jicho na pia chemchemi. Kwa hiyo wanaosema “jicho la kifaru” na wanaosema “chemchemi ya kifaru” wote wameshika neno lile lile. Sisi nyumbani tulisema chemchemi, kwa sababu mnyama huenda penye maji.

Kuhusu ukungu, mwambie kila mtu asifuate njia ya mifugo. Njia ya mbuzi huonekana safi kuliko ya watu, lakini mbuzi hana haja na kilele. Yeye huambaa ubavuni mwa kilima na hatimaye hukupeleka bomani kwa mwenyewe. Katika ukungu utadhani bado uko mgongoni, kumbe umekwishateremka upande wa bonde. Dalili ninayoijua mimi ni leleshwa. Ukianza kuona majani yake ya kijivu na kusikia harufu yake kila mahali, jua umeshuka upande mkavu, rudi juu. Huko mgongoni ni nyasi fupi, na mifuko ya msitu wa kijani iko zaidi upande wa mashariki.

Na ombi moja kwa wazazi. Watoto wasiwakimbize kondoo. Mwezi wa Agosti wengine wana mimba, na mchungaji mnayemwona amekaa kimya kwenye jiwe huenda ni mtoto wa miaka 10 ambaye atalaumiwa jioni. Msalimieni.

Mtembezi Mpole

Asante sana, mzee wangu. Hilo la leleshwa askari alitudokezea, lakini sikulielewa hadi nilipolisoma kwako. Mchungaji tulimkuta kweli, kwenye kibonde cha tano, na mama alimpa mayai mawili. Walizungumza kwa ishara zaidi kuliko maneno.

Mluguru wa Kigurunyembe

Ndugu zangu wa Kenya, hongereni. Mimi niko Morogoro, na sisi huwapandisha wageni wetu Uluguru hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, na wenye nguvu huendelea Lupanga, mita 2,138. Kwetu njia ni ya msituni na mashambani, inapanda na kisha inashuka. Anayechoka hugeuka tu akarudi alikotoka. Ndiyo maana nimeguswa na maelezo ya mtoa mada kwamba mgongoni hakuna mkato. Swali langu: bibi aliwezaje siku iliyofuata? Nami nina mama mwenye goti la namna hiyo, na ninaogopa kumuumiza kwa kutaka kumfurahisha.

Mkweli Daima

Nitasema jambo ambalo wengine hawalisemi. Mtoa mada ameandika vizuri, lakini kumpeleka mzazi wa miaka 66 zaidi ya kilomita 10 kwenye miteremko ya namna hiyo, bila kupima goti lake kwanza, haikuwa haki. Kama angeanguka kwenye kibonde hicho cha tano, angebebwa na nani? Mke wako na watoto wawili? Nasema hivi kwa sababu nilimbeba baba yangu kutoka mahali kama hapo, na si mbali kama hapo, na hadi leo sijajisamehe.

Mtembezi Mpole

Ndugu Mkweli, pole kwa yaliyompata mzee wako, na asante kwa kusema. Sitajitetea kwa kuwa tulifika salama, maana kufika salama si ushahidi kwamba nilipanga vizuri. Umenigusa pale hasa ambapo mimi mwenyewe sikulala usiku ule. Kabla ya safari nilimpima mama kwa kumpandisha ngazi za ghorofa ya nne mara tatu, akapanda bila kuhema, nikaridhika. Sikumtazama akishuka. Ningemtazama akishuka zile zile ngazi ningeliona goti lile wiki mbili kabla. Kwa hiyo ninayemshauri leo namwambia hivi: mpime mzazi wako kwa kushuka, apite ngazi nyingi, siku mbili mfululizo, na siku ya pili umtazame uso bila yeye kujua.

Kuhusu kubebwa, askari wetu alikuwa na redio ya mawasiliano, na mke wangu ndiye aliyemuuliza jambo hilo langoni kabla hatujaondoka. Mimi sikuuliza. Yeyote anayekwenda aulize.

Ndugu wa Morogoro, siku ya pili mama hakutoka kitandani hadi saa nne asubuhi, na goti lilikuwa limevimba kwa siku tatu. Tulimpeleka hospitali, akapimwa, ikaonekana ni gegedu iliyochakaa kwa umri. Daktari alimwambia atembee, ila apunguze kushuka na asiache mazoezi ya kuimarisha paja. Sasa kila jioni anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja mbele, anaushikilia hadi ishirini, anaubadilisha. Mjukuu wake ndiye humhesabia, na huwa anahesabu polepole makusudi.

MamaPacha

Samahani kurudi tena. Je, mama amesema atarudi huko, au ndiyo basi?

Mtembezi Mpole

Amesema atarudi Januari, wakati wa kiangazi, kwa sababu askari alimwambia asubuhi ya Januari ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana kutoka Lamwia. Lakini ametoa sharti, na sharti lenyewe limenifanya niitazame ramani upya. Anataka tuanzie Kona Baridi. Tukifanya hivyo, ule mteremko mrefu wa mwisho utakuwa mpando wa kwanza, miguu ikiwa mipya, Lamwia tutaufikia asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika, na yeye akitosheka na Kilimanjaro atakuwa na hiari ya kurudi kwa njia ile ile na kushuka mara moja tu, polepole, kwa mshazari, nami nikiwa naye. Mke wangu na watoto wataendelea na askari hadi Ngong.

Binti yangu amekwishaomba kutangulia mbele siku hiyo. Nimemwambia amuulize nyanya yake.